Picha za Mwendo Studioni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa wapiga picha wenye studio ndogo Mwanza na miji mingine ya kando ya Ziwa, ambao wateja wanawaomba khanga inayopepea, gauni linalozunguka, mtu aliyeruka juu au mchezaji wa ngoma. Tunachukulia kwamba kamera yako unaipanga mwenyewe kwa mkono, na kwamba una walau flashi moja na triga yake.

Nimeweka shata 1/200 na picha bado inacheza. Kosa ni nini?

Shata ya 1/200 inamtosha mtu aliyekaa kwenye kiti, haikitoshi kitambaa kinachorushwa. Pindo la khanga likirushwa kwa nguvu linaweza kwenda mita 5 kwa sekunde. Kwa 1/200 pindo hilo linasogea milimita 25 shata ikiwa wazi. Kwa 1/2000 linasogea milimita 2.5, na kwa 1/8000 halifiki hata milimita 1.

Studioni kinachogandisha mwendo ni mmweko wa flashi. Chumba kikiwa na giza la kutosha, kamera haioni chochote mpaka flashi iwake, kwa hiyo spidi halisi ya picha ni ule muda mfupi ambao flashi imewaka. Shata kazi yake ni kufungua mlango tu na kupunguza mwanga wa chumba.

Picha ikicheza, basi, ama mwanga wa chumba unaingia, ama flashi yako inawaka muda mrefu mno. Anza na mwanga wa chumba kwa sababu kuukagua ni rahisi: zima triga, piga picha kwa mipangilio ileile. Ikitoka nyeusi tii, chumba hakina neno. Ukiona umbo la mtu hata kwa mbali, hilo ndilo linalokuja kama mzimu pembeni mwa mikono na pindo.

Nitajuaje flashi yangu inawaka kwa muda gani?

Kijitabu cha flashi kikiwapo, tafuta muda wa mmweko. Angalia umeandikwa t0.5 au t0.1. Ya kwanza inapima muda ambao mwanga uko juu ya nusu ya kilele chake. Ya pili inahesabu mpaka mwanga umeshuka kufikia sehemu moja ya kumi. Wauzaji wanapenda t0.5 kwa sababu inapendeza kwenye boksi. Kwa taa za kawaida za studio, t0.1 huwa ndefu karibu mara tatu. Taa iliyoandikwa 1/1500 kwa t0.5 ichukulie kama 1/500 unapopiga mwendo.

Kijitabu kisipokuwapo, tumia feni. Bandika kipande chembamba cha utepe mweupe kwenye panga moja la feni, sentimita 15 kutoka katikati. Feni inayozunguka mara 1,200 kwa dakika inaupeleka utepe huo karibu mita 19 kwa sekunde. Ondoa wavu wa mbele, usogee mbali, weka giza, piga kwa flashi peke yake, halafu kuza picha upime mkia wa utepe ukilinganisha na rula uliyoibandika nyuma ya feni. Toa upana wa utepe wenyewe. Mkia wa milimita 19 ni 1/1000; mkia wa milimita 4 ni karibu 1/5000. Rudia kwa kila kiwango cha nguvu na uandike matokeo ubavuni mwa taa kwa kalamu ya maka. Ni kazi ya nusu saa, na itakuokoa kila siku unayopiga picha za namna hii.

Je, kupunguza nguvu ya taa kunafupisha mmweko?

Inategemea taa, na hapa wengi wanapotea. Flashi ndogo za juu ya kamera, na taa za studio za kisasa zenye mfumo wa IGBT (swichi ya kielektroniki), hukata umeme katikati ya mmweko. Kwa hizo, nguvu ikishuka mmweko unafupika. Taa nyingi za studio za zamani na za bei ya chini hupunguza nguvu kwa kujaza umeme kidogo kwenye kapasita. Hizo ukizishusha, mmweko unarefuka. Mtu mwenye taa ya namna hiyo anashusha nguvu mpaka chini akitumaini kugandisha mwendo, na picha inazidi kuharibika. Kama ndiyo uliyo nayo, iache karibu na nguvu kamili, kisha punguza mwanga kwa kuisogeza mbali au kwa kubana tundu la lenzi hadi f/11 au f/16.

Nina flashi ndogo mbili tu. Zinatosha?

Kwa kazi hii zinazishinda taa kubwa nyingi. Flashi ndogo kwa nguvu kamili inaweza kudumu karibu 1/300 ya sekunde, lakini kwa nguvu ya 1/16 mmweko wa nyingi ni mfupi kuliko 1/4000. Shida ni kwamba 1/16 ni mwanga mdogo. Ziunganishe: flashi mbili za 1/16 kwenye mwavuli mmoja zinatoa mwanga wa flashi moja ya 1/8, na ukipata nne umepanda stopu mbili kamili (kila stopu ni mwanga kuongezeka maradufu). Pandisha ISO hadi 400 bila woga. Chembechembe kidogo za ISO hazimsumbui mteja kama macho yaliyocheza.

Faida nyingine ni kwamba kwa 1/16 betri zinajaza upesi, na hukosi tukio kwa kungoja taa ya utayari.

Nikipandisha shata hadi 1/1000 natokewa na ukanda mweusi. Kwa nini?

Shata ya kamera ina mapazia mawili. Juu ya spidi fulani, kwa kamera nyingi 1/200 au 1/250, pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, na flashi inapowaka sehemu ya sensa imeshafunikwa. Triga za bei nafuu huchelewa kidogo, kwa hiyo unaweza kuuona ukanda hata kwa 1/250. Shuka 1/160 au 1/125. Chumba kikiwa na giza hupotezi kitu.

Kuna mfumo wa flashi kwa spidi ya juu, ambao unatoa mimweko midogo mingi mfululizo. Unafaa nje kwenye jua. Studioni unakula stopu mbili au zaidi za mwanga, na unakunyang'anya silaha yako kuu, yaani mmweko mmoja mfupi. Usiutumie.

Nianze na mipangilio gani?

Funga madirisha na uzime taa za dari. Weka ISO 100, shata 1/160, f/8, na upige bila flashi: picha iwe nyeusi. Ongeza taa kuu upande mmoja, juu kidogo ya kichwa, umbali wa mita 2.5 hadi 3. Pima, kisha panda ISO ikibidi. Baada ya hapo weka taa ya nyuma upande wa pili, nje ya picha, ikielekea mgongo wa mteja. Taa hii ndiyo inayochonga mwendo: inaangaza kingo za kitambaa, inatenganisha nywele na giza, na shifoni ikipata mwanga kutoka nyuma inawaka kama taa ya chemli. Mwanga wa mbele mtupu unakifanya kitambaa kionekane kama karatasi iliyobandikwa ukutani.

Umbali wa taa kuu una sababu. Mteja anayecheza husogea. Taa ikiwa mita 2 na yeye akasogea nusu mita kuielekea, mwanga unaongezeka karibu stopu nzima na uso unaungua. Ikiwa mita 3, nusu mita ileile inaongeza nusu stopu tu, na hiyo unairekebisha baadaye.

Hakikisha taa zote zina mmweko mfupi. Ya mbele ikiwa 1/5000 na ya nyuma 1/400, utapata uso mkali wenye kingo zinazotoa moshi.

Studio yangu ni fremu ya duka, dari iko chini. Nifanyeje?

Dari ya mita 2.8 inakubali kuruka kwa magoti yaliyokunjwa, haikubali mikono iliyonyooka juu. Shusha kamera hadi urefu wa goti, yaani sentimita 40 hadi 50 kutoka sakafuni. Mruko wa sentimita 20 utaonekana kama wa mita. Lakini ukishusha kamera dari inaingia kwenye picha, kwa hiyo nyuma iwe nyeusi na mwanga usifike juu.

Roli la karatasi la mita 2.72 linatosha mtu mmoja aliyesimama, ila mikono ikifunguka na doti ikiruka unalipita pande zote mbili. Kitambaa kizito cheusi cha mita 4 kinakupa nafasi, na hakichaniki mtu akitua. Karatasi pia inateleza. Mteja akiruka juu yake peku au kwa soksi ataanguka. Ikunje iishie ukutani, na chini utandike zulia la plastiki lililobanwa kwa utepe pande zote nne.

Kitambaa gani kinaruka vizuri?

Shifoni ndiyo rahisi kuliko vyote. Ni nyepesi, inashuka polepole, na inakupa muda wa kuamua. Nunua mita 4 au 5 ya rangi moja Makoroboi na uiweke studioni. Satini inatoa mikunjo mipana yenye kung'aa, lakini inataka mtu wa kuirusha mwenye mkono. Kitenge ni kizito. Kukirusha ni kazi bure, kinajikunja kama ubao. Kishone gauni pana na umzungushe mvaaji.

Khanga ina mambo yake. Ikiwa mpya ina wanga na inasimama kama karatasi. Ifue mara moja, ipige pasi, ndipo uirushe. Moja ina urefu wa karibu mita 1 na nusu, ambao ni mfupi. Ukiiacha doti bila kuikata unapata mita 3, na hapo ndipo inapopepea kweli. Wateja wengi watataka jina lisomeke. Upande wa nyuma wa khanga umefifia na maandishi yake yamegeuka, kwa hiyo jaribu kwanza ni upande upi unaotazama kamera kitambaa kikiwa juu, maana si ule unaoutazama kikiwa mkononi. Msaidizi ashike ncha mbili za pindo la chini, asimame nje ya picha, akipandishe kitambaa kutoka magotini hadi mabegani kwa mwendo mmoja wa mfululizo, aachie, achuchumae. Usibonyeze anapoachia. Ngoja wimbi lifike katikati ya kitambaa: hapo mji wa khanga unafunguka kama tanga la ngalawa na jina linanyooka. Ukichelewa kidogo, ncha zinaanza kujikunja ndani na kitambaa kinakuwa kifurushi.

Kwa gauni linalozunguka, uso unageuka nyuma. Siri ni ipi?

Kichwa kisizunguke pamoja na mwili. Bandika alama juu ya lenzi, mwambie mteja aitazame mpaka shingo ishindwe, kisha ageuze kichwa haraka na kuipata tena kabla mabega hayajafika. Wachezaji wa jukwaani hufanya hivyo ili wasipate kizunguzungu. Piga pale macho yanaporudi kwenye alama huku pindo bado limeinuka. Akishasimama, kitambaa kitamzunguka miguu na umbo limekwisha. Mizunguko mitatu, apumzike.

Mtu akiruka nibonyeze lini?

Mruko wa sentimita 40 unachukua takriban sekunde 0.57 tangu miguu iachie mpaka itue. Habari njema ni kwamba nusu ya muda huo mtu yuko kwenye sentimita 10 za juu kabisa, ambako karibu anasimama hewani. Mkono wako unachelewa karibu sekunde 0.2 baada ya jicho kuona. Ukibonyeza pale unapoona vidole vinaachia sakafu, picha inaangukia karibu na kilele. Ukingoja umwone yuko juu, utampiga akishuka: nywele zimepanda, mashavu yamevutwa, na uso una hofu ya kutua.

Usitegemee kupiga mfululizo. Flashi haijazi upesi kama kamera inavyopiga, na picha ya pili na ya tatu zitatoka giza.

Fokasi inakosa kila mara.

Kwenye giza kamera inahangaika. Bandika alama sakafuni, msimamishe mteja hapo, weka fokasi kwenye jicho lake, kisha hamisha lenzi kwenye fokasi ya mkono na usiiguse tena. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye sensa ya milimita 36 kwa 24, ukiwa mita 3.5 na f/8, ukali unaanzia karibu mita 2.6 hadi 5.3. Kwa f/2.8 unabaki na mita 3.1 hadi 4.0 tu, na hatua moja ya mcheza ngoma inakutoa nje. Mvuto wa mandhari ya nyuma yenye ukungu uache kwa siku ya picha za kukaa.

Kikundi cha ngoma kinataka picha za bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa na majembe. Kuna la kuangalia?

Kwanza jembe. Ncha ya jembe linalozungushwa inakwenda kasi kuliko mkono unaolishika, kwa hiyo shusha nguvu ya flashi hadi 1/32 kama yako inaruhusu. Bapa la chuma likitazama taa linarudisha doa jeupe lisilotengenezeka. Mwombe mchezaji aligeuze kidogo mpaka bapa liakisi ukuta mweusi. Njuga za miguuni ni zawadi kwa mpiga picha: mguu ukipigwa chini zinaruka zote mara moja, kila moja na mwelekeo wake, na taa ya pembeni iliyoshushwa hadi usawa wa goti inazichomoa moja moja.

Kurusha jembe juu ndani ya fremu ya duka hairuhusiwi hata kama mchezaji ni bingwa. Kwa hilo nendeni nje jioni na flashi za betri. Uwanja ulio wazi, kama walio nao wenyeji wa Bujora kule Kisesa, unakupa anga kuwa bakigraundi. Jua likishazama anga linabaki na mwanga kidogo; piga kwa 1/200, bana tundu mpaka anga liwe la buluu nzito, kisha flashi imchukue mchezaji. Na muulize kiongozi wa kikundi nani anasimama wapi. Mpangilio wa ngoma una maana kwao, na picha iliyouvuruga hawataitundika.

Nataka mkia wa mwendo uonekane, si kugandisha kila kitu.

Hapa unachanganya mianga miwili. Taa inayowaka muda wote inachora mkia, flashi inapiga muhuri wa uso. Nyuma iwe nyeusi, maana kwenye nyeupe mkia unafutika. Weka balbu ya njano pembeni, ISO 100, f/11, shata nusu sekunde, kamera kwenye stendi. Chagua flashi iwake kwa pazia la pili, yaani mwishoni, ili mkia ufuate nyuma ya mwendo. Ikiwaka mwanzoni, mkia unatangulia mbele ya mtu na jicho linaona anarudi nyuma. Triga nyingi za bei nafuu hazipitishi amri hiyo. Dawa yake ni kumwanzisha mteja kwenye pozi la mwisho: flashi inawaka hapo, kisha anarudi nyuma alikotoka. Kwenye picha itasomeka anakwenda mbele.

Balbu ya njano na flashi nyeupe zitaleta rangi mbili. Ukizipenda, ziache. Usipozipenda, vika flashi jeli ya rangi ya chungwa na upange kamera kwa rangi ya balbu.

Shata ya sekunde moja inafaa mwendo wa polepole kama mkono unaopanda. Kwa mzunguko, 1/4 inatosha.

Naweza kutumia taa za LED badala ya flashi?

Kugandisha kwa LED kunataka shata 1/1000 au zaidi, na taa za kawaida za studio ndogo hazina mwanga wa kutosha bila ISO kupanda sana. Halafu umeme wetu ni wa hezi 50, na taa za bei ya chini hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kwa 1/1000 utaona mistari au picha zinapishana mwanga. LED zibaki kwa video na kwa mkia wa mwendo.

Unga, poda na maji je?

Unga wa nafaka ukiwa hewani unaweza kushika moto, na poda ya talki haifai kuvutwa mapafuni. Ukiamua kutumia wanga wa mahindi, tumia konzi moja kwa wakati, zima kila balbu ya moto, pasiwe na mshumaa wala jiko, fungua mlango baada ya kila jaribio, na funika kamera kwa mfuko uliotoboka mbele ya lenzi tu. Mwenye pumu usimpige picha hii. Futa sakafu kwa kitambaa chenye maji, usifagie. Na kuna wateja ambao kumwaga unga wa kula kunawakera, waulize kabla.

Maji ni kwa flashi za betri peke yake, bila waya wowote wa umeme chumbani.

Umeme ukipungua nguvu taa zinachelewa kujaza. Kuna dawa?

Taa inayojaza polepole inakupa picha moja sawa na moja giza. Tumia stabilaiza yenye uwezo wa taa zote kwa pamoja, na ukunjue waya wa ekstensheni wote kwa sababu ukiwa kwenye roli unapata joto. Usichomeke taa za studio kwenye UPS ya kompyuta. Zinavuta umeme mwingi kwa ghafla na itazima au kuungua. Anayenunua taa leo kwa kazi ya mwendo anunue ya betri.

Mteja ana aibu, au ni mtu mzima asiyeweza kuruka.

Mwendo mdogo unatosha. Usimwambie "jiachie", hakuna anayejua maana yake mbele ya kamera. Mpe kitendo: "Mama, tazama dirishani, halafu nikisema hodi geuka kama umeitwa mlangoni." Kichwa kinageuka, hereni zinabaki nyuma, ushungi unafuata bega. Kwa dada mwenye rasta, ainame, ahesabu mbili, ainuke kwa mgongo na si kwa shingo. Mzee wa kanzu na fimbo atembee hatua tatu kuelekea alama; piga ya pili, kisigino kikiwa kimeinuka. Hesabu ya sauti iwe ileile kila mara, kwa sababu mtu anayejua "tatu" itakuja lini hafumbi macho.

Nitegemee kupiga picha ngapi?

Kwa kitambaa kinachorushwa, 30 hadi 60 kwa picha moja nzuri ni kawaida, na mwambie mteja hivyo kabla hajaanza kuhesabu. Mpiga picha Philippe Halsman alipompiga picha mchoraji Salvador Dalí mwaka 1948, paka wakirushwa na maji yakimwagwa hewani, alirudia mara 28, na kila mara sakafu ilifutwa na paka wakakaushwa. Kagua kwa kukuza jicho kwanza. Jicho likiwa limecheza, futa, hata kama kitambaa ni kizuri namna gani. Jicho likiwa kali na kitambaa kibaya, piga kitambaa peke yake kwa taa zilezile, kamera ikiwa kwenye stendi bila kuguswa, uziunganishe kwenye kompyuta. Mkono wa msaidizi nao unafutika kirahisi kama ulikumbuka kupiga picha moja ya bakigraundi tupu kabla ya kuzima taa.